Kwa Mwavita, Fundi wa Meza za Kabambare

Mwavita mwanangu,

Amisi haendi. Naliandika hilo kwanza ili usilitafute katikati ya karatasi. Kesho pikipiki ikija itakubeba wewe na sanduku lako la vyombo, na anayekwenda Kabambare kutengeneza meza nne za Muzee Ramazani ni wewe, fundi. Huendi kama msaidizi wa mtoto wa baba mukubwa wako, wala mpishi wake, wala mtu wa kusugua mbao alizokata mwingine. Lile neno tulilolifunga Jumapili kwa kaka yangu nimekwenda kulivunja leo, mbele yake, nikiwa nimesimama, kwa sababu kiti hakunipa.

Mambo ya chandarua, ya dawa, na ya nani umsalimie ukipita Lusangi, mama yako amekwishakwambia, na akimaliza ataanza tena. Mimi nina mengine. Nimeyakalia miaka tisa na hayanipi sifa. Kwa mdomo nisingeweza: ningeanza kukohoa, ningekuuliza kama umenoa patasi, ungejibu ndiyo, na tungeachana hapo. Kwa hiyo soma.

Unajua kwamba nilifanya kazi kwa kaka yangu Kalonda. Hujui vizuri nilivyofanya. Nilitoka kijijini nikiwa na miaka kumi na sita, na nguo niliyovaa. Nilikaa kwenye atelie yake, karakana ya mbao, hapa Kasongo miaka kumi na moja. Katika miaka hiyo nilitengeneza meza mia moja na kumi na nne. Nazijua kwa sababu kila nilipomaliza moja nilikwaruza alama kwa msumari nyuma ya mlango wa stoo, na siku ya kuondoka nilisimama nikazihesabu mara mbili. Chini ya kila meza, kabla haijatoka, Kalonda alikuwa anachukua chuma chake cha moto na kuchoma jina lake. Kalonda. Mia moja na kumi na nne. Langu halikuwa hata kwenye mguu mmoja.

Siku moja alikuja mteja kutoka Nyangwe. Alipanda mtumbwi, akatembea, akafika na vumbi mpaka magotini, kusudi tu amuone aliyetengeneza meza yake, maana watu wa kwao walikuwa wanakuja kuishika kama mtoto mchanga. Kaka yangu alikuwa kwenye kiti. Akasema, "Ni miye." Mimi nilikuwa nimepiga goti palepale, nafagia maranda. Yule mgeni akanitazama, akaniambia, "We kijana, sogeza hizo takataka, mguu unateleza." Nikazisogeza.

Nikaapa siku ile. Sikuapa kwa Mungu, niliapa kwa hasira, na hasira ndiyo niliyoiheshimu zaidi wakati ule. Nilisema: nikiwa na atelie yangu, hakuna mtu atakayefanya kazi mikononi mwangu halafu jina likae langu. Nikaondoka na msumeno mmoja uliopungukiwa meno sita. Randa niliazima. Benchi la kwanza nililitengeneza kwa mlango uliotupwa. Hakuna aliyenipa ubao, hakuna aliyenipa neno zuri, na kaka yangu alitangaza sokoni kwamba nitarudi kabla ya mahindi kukomaa. Mahindi yamekomaa mara nyingi tangu siku ile. Sikurudi.

Sasa sikiliza nilivyokivunja kiapo changu.

Hassani wa mchele unamfahamu. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu alipoleta komande yake, oda ya kazi. Alitaka meza ya chakula, meza ya watu wakubwa, alisema hivyo, kwa sababu wanaume wa nyumba yake walikuwa wanane na wageni hawakatiki. Mimi nilikuwa nimerekebisha mlango kwenye nyumba ya mapadri, nikaiona meza yao ya kulia, nikaipima kwa macho nilipokuwa naweka bawaba. Mita mbili na ishirini kwa mita moja. Urefu wa kwenda juu, sabini na sita. Nikasema, hii ndiyo. Nikaitengeneza ileile kwa mbao za libuyu jekundu, nikaipaka mpaka ukajiona uso wako ndani. Tuliibeba watu sita. Nilirudi nyumbani naimba.

Siku ya tatu nikaitwa. Wewe ulinifuata, sijui kwa nini, nadhani mama yako alitaka ubebe mchele wa kurudi nao. Tukakuta ndugu wote wamesimama kuizunguka. Sinia la wali lilikuwa katikati, sombe ya majani ya muhogo pembeni yake.

Hassani akaniambia, "Fundi Musafiri, kaa hapo mwisho."

Nikakaa.

"Kula."

Nikanyoosha mkono. Sinia lao lina sentimita sitini. Mimi nilikuwa mwisho wa meza ya mita mbili na ishirini. Piga hesabu, unaijua: kutoka ukingoni nilipokaa mpaka ukingo wa sinia ni sentimita themanini. Mkono wangu uliishia kwenye ubao mtupu, unang'aa, na uso wangu ndani yake.

Mdogo wake Hassani akasema, "Fundi, hii ni meza ao ni barabara?"

Mwingine akasema, "Mwenye kukaa kule mwisho tumutafutie pikipiki afike kwenye sombe."

Wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Hassani hakucheka. Alisema tangu meza ifike, baba zake wadogo wanakula wamesimama kama watu wanaongoja lori. Mimi nikajitetea. Nilisema meza haina kosa, kosa ni kwao, kila mutu aweke sahani yake mbele yake, kama kule kwa mapadri.

"Kila mutu na sahani yake?" Hassani akasema. "Juu ya nini? Tumegombana?"

Mwavita, ni mimi niliyezaliwa kwenye nyumba ya sinia moja. Baba yangu, ndugu zangu, sote tulikula tumelizunguka, magoti yanagusana. Ningetoka usingizini ukaniuliza watu wa kwetu wanakulaje, ningekujibu kabla sijafungua macho. Lakini niliposhika metre ya kupimia nikasahau mikono yangu mwenyewe, nikatengeneza meza ya watu nisiowajua, nikawapelekea watu ninaowajua, halafu nikawakasirikia. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na lilikuwa dogo.

Wakati sisi tunapandisha sauti, wewe ulikuwa umepotea. Ulirudi kutoka ndani kwa wanawake na kamba mkononi, ile kamba ya kufungia kuku, imefungwa mafundo matatu. Ukanivuta shati.

"Baba, mkono wa bibi kikongwe wa hapa unaishia kwenye fundo hili. Wa Papa Hassani hili. Wa yule mtoto wao hili."

Nikakwambia, "Nyamaza, watu wakubwa wanasema."

Ulinyamaza. Tulipofika nyumbani ukachukua msumari ukauchoma katikati ya kiwanja, ukafunga kamba, ukachora duara kwenye udongo. Ukaweka ungo wa mama yako katikati kuwa sinia. Ukawaita majirani wakae kwenye viti vifupi. Watu wanane wazima, wamelizunguka duara la mtoto, wananyoosha mikono kwenye ungo usio na kitu! Mama yako aliona haya. Ulilifuta duara mara nne. La tano lilikuwa na mita moja na thelathini kutoka upande mpaka upande. Mzunguko wake ni kama sentimita mia nne na nane. Gawanya kwa wanane, kila mtu anapata hamsini na moja. Kutoka ukingo wa meza mpaka sinia ni thelathini na tano, na mkono wa yule bibi kikongwe ulifika ukabaki na ziada. Kwenda juu, arobaini na tano tu, ili anayekaa chini asiinue bega.

Na miguu ukaifanya mitatu. Nilikucheka. Nilisema meza ya miguu mitatu ni ya walevi. Ukaniuliza, "Baba, kwa Papa Hassani sakafu iko sawa?" Sakafu ya udongo iliyopigwa, wapi iko sawa? Ya miguu minne ingecheza milele; ya mitatu inakaa popote unapoiweka. Nikasema itapinduka. Ukaitanua miguu mpaka ikatokeza nje ya ukingo kwa vidole vitatu, na nilipomaliza kuiunga ulikwenda ukakaa ukingoni kabisa, katikati ya mguu na mguu, ukaniangalia. Haikutikisika. Ule ubao mnene ulikuwa mzito kukushinda.

Tulipoipeleka, Hassani aliwakalisha wanaume wengine saba wa nyumba yake, na mama yake, yule bibi wa fundo la kwanza, ambaye miaka mingi hakula nje ya chumba. Mikono yote ikafika. Walikula mpaka sinia lilipoonyesha chuma. Halafu Hassani akaninawisha mikono kwa heshima, yeye mwenyewe, akauliza, "Fundi, hii akili uliitoa wapi?"

Wewe ulikuwa nyuma yangu. Ulikuwa umeshika birika la maji.

Nikasema, "Kichwani."

Neno moja. Ningeweza kusema "kwa huyu". Hata kidole kingetosha. Nilisema kichwani, na niliposema nilinyoosha mgongo. Sikugeuka kukuangalia. Najua kwa nini sikugeuka.

Nimepiga hesabu yake jioni hii, kwa sababu mimi bila namba sijui kuomba msamaha. Tangu siku ile hadi leo zimetoka kwetu meza sitini na mbili. Arobaini na moja zilianza kwenye kamba yako. Ile ya mshonaji mwenye mguu mmoja, yenye nafasi ya gongo lake upande wa kushoto. Ile ya wauza samaki, yenye mteremko wa sentimita mbili ili maji yatoke yenyewe. Ile ya mwalimu, inayofunguka ikawa ya watoto kumi na wawili na kufungwa ikawa ya mtu mmoja. Wewe ulikwenda ukakaa na watu, ukawapima viwiko na magoti, ukaja na mafundo yako. Mimi nilikata, nikaunga, nikapaka, na chini ya zote arobaini na moja nikachonga jina langu kwa patasi. Kaka yangu alitumia moto. Mimi patasi. Nilijiambia hiyo ndiyo tofauti.

Ulikuwa na miaka kumi na saba uliponiuliza. Ulikuwa umelala chini ya meza ya mwalimu unasugua, nikaja na patasi yangu. Ukasema taratibu, kama mtu anayeuliza saa, "Baba, na mimi jina langu litakaa wapi?"

Nikakujibu, "Ukiolewa utapata la mume."

Watu waliokuwepo walicheka. Nawe ulicheka kidogo, halafu ukarudi kusugua. Umefanya kazi miaka mitano baada ya jibu lile na hukuniuliza tena. Mimi nililiita hilo utii. Nilijisifu kwa watu: mtoto wangu hana maneno. Kumbe ulikuwa umeacha kuongea na mimi, na mimi nilikuwa nasikia kimya chako naona ni heshima.

Sitakuomba usahau. Mimi sijamsahau yule wa Nyangwe na maranda yake, na alikuwa mgeni tu. Nataka ujue kwamba najua.

Nikwambie na makosa mengine, maana yatakufaa zaidi kuliko machozi. Katika maisha yangu nimeharibu meza saba, saba kamili, ukiacha zilizokuwa mbaya tu. Tatu zilipasuka kwa sababu moja: mteja alinihimiza, na mimi nilitaka kupendwa. Aliniambia mbao zimekauka, na nilipozishika mkono uliniambia hapana, nikauamini mdomo wake. Mvua zilipokwisha, meza ya kwanza ikafunguka ufa wa kuingiza kidole. Niliziba kwa kole, ile gundi, na vumbi la mbao. Msimu uliofuata ikafunguka palepale.

Muzee Ramazani atakwambia mbao zake zimekaa mwaka mzima chini ya paa. Labda ni kweli. Usibishane naye. Kata kipande katikati ya ubao, usikate mwisho, kwa sababu mwisho hukauka kabla ya ndani na utakudanganya. Kipime kwenye mzani wa wauza mchele, kitundike juu ya jiko la wanawake siku nne, kipime tena. Kikipungua sana, mwambie angoje. Atanuna. Atasema fundi gani anayekaa bure. Mwache anune. Mtu akinuna miezi mitatu mtasalimiana tena, lakini ufa atauonyesha kila mgeni mpaka afe.

Mbili niliziharibu kwa kuzisafirisha. Moja unaikumbuka, ile iliyofungwa wima nyuma ya pikipiki, upepo wa kilimani ukaishika, dereva na meza na pikipiki wakaingia mtoni, na dereva aliapa kwamba meza ndiyo ilikuwa inaendesha. Ndiyo maana za Kabambare zinatengenezwa Kabambare. Mbili za mwisho niliziharibu kwa hasira, na hizo hazina funzo, nilipiga tu.

Sasa Jumapili.

Ulikuwepo, kwa hiyo sitakuhadithia kama mgeni. Muzee Ramazani aliitaka ile meza ya duara aliyokula juu yake kwa Hassani, akataka nne, na aliniita mimi. Mimi mgongo wangu hauwezi tena njia ile kwa pikipiki, na wewe ulisema utakwenda, na utakaa hukohuko ufungue atelie yako. Nikafurahi, nikanyamaza. Kaka yangu akaita watu wa familia. Akasema msichana wa miaka ishirini na miwili hawezi kupewa mbao za mtu mkubwa. Akasema Amisi wake ataongoza, wewe utamsaidia na kumpikia. Wote wakanigeukia. Nawe ulinigeukia.

Mimi nikatingisha kichwa kukubali.

Ulitoka nje bila kubamiza mlango. Tangu siku hiyo umekuwa unapanga vyombo vyako kimoja kimoja, umevipaka mafuta, umevifunga kwenye vitambaa, na mama yako alipokuuliza unakwenda kama nani ulijibu, "Nakwenda." Ni hapo niliposhindwa kula. Kwa sababu mtu aliyekubali Jumapili hakuwa mimi niliyeondoka na msumeno wa meno pungufu. Alikuwa Kalonda. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake.

Kwa hiyo leo nilikwenda kwanza kwa Hassani. Nilimwambia meza yake ni wazo lako, tangu duara mpaka mguu. Nilidhani ataanguka. Akaendelea kupanga magunia.

"Fundi," akasema, "tunajua."

"Mnajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Weye ulikuja ukapima nyumba. Mutoto alikuja akapima mama yangu. Mama aliniambia. Sisi tulikuwa tunangoja tu weye useme."

Miaka tisa walikuwa wananiamkia fundi, fundi, na wanangoja. Hilo nitalibeba mwenyewe.

Kisha nikaenda kwa kaka yangu. Nikasimama. Nikasema Amisi haendi, Mwavita anakwenda, na komande ni yake.

"Unatupasulia familia juu ya mutoto mwanamuke," akasema.

"Meza arobaini na moja, kaka."

"Nini?"

"Zake. Na zangu kwako zilikuwa mia moja na kumi na nne. Nilizihesabu nyuma ya mlango wako wa stoo, kazitazame kama hujapaka rangi."

Akasema nikifiwa yeye hataonekana kwangu. Nikamwambia basi nitalia peke yangu, sauti ninayo. Amisi mwenyewe alinisindikiza mpaka njiani. Ni kijana mwema, usimchukie. Akaninong'oneza, "Papa mudogo, hata miye sikutaka. Miye napima kwa macho."

Mwisho nikampigia simu Muzee Ramazani. Alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao. Nilisikia upepo kuliko nilivyomsikia yeye.

"Fundi, unanitumia mutoto mwanamuke?"

"Nakutumia mwenye ile meza uliyokula juu yake."

"Ile iko na jina lako chini. Niliinama mimi mwenyewe nikasoma."

"Jina ni langu. Meza ni yake. Nilikuongopea, muzee, wewe na nyumba arobaini na moja."

Upepo ukapita.

"Na akiharibu mbao zangu?" akasema. "Ule muti baba yangu ndiye aliuacha."

"Muzee, mimi kwa mikono hii nimeharibu meza saba. Hata mutu mumoja hakusema ni juu ya mimi ni mwanaume."

Akasema, "Aje. Nitaona."

Sitakudanganya hapa nilipofika: hilo si neno la "ndiyo". Ni mlango ulioachwa wazi kidogo, na nyuma yake kuna mzee mwenye mbao za baba yake na macho makali. Atakusimamia. Atawaita wazee wenzake waje kusimama pia, wakiwa na mikono nyuma. Watasema randa unaishika vibaya. Watauliza umeolewa na nani. Wacha waulize, we pima mikono yao wakiwa wamesimama hapo hapo. Inaonekana vizuri zaidi mtu akiwa anakusema. Usijibu kwa mdomo kwa sababu mimi nilijibu sana kwa mdomo na nilishindwa mara nyingi. Lakini wakikwambia umpe kijana wao asimamie, vyombo vyako virudi kwenye sanduku mbele yao, kimoja kimoja, bila haraka. Pale Kabambare kuna libuyu na kuna watu wanaokula. Ukipata hivyo viwili huhitaji ruhusa ya Ramazani, wala ya Kalonda, wala yangu.

Na jambo la mwisho ndilo lililonichukua jioni nzima.

Atanipigia simu. Namjua. Wiki ya pili au ya tatu atasema, fundi, njoo siku mbili tu uangalie, mutoto anafanya vizuri lakini njoo uangalie. Pengine wewe mwenyewe utachoka, ubao utakuwa umekushinda, utatamani niwepo nishike upande wa pili. Sitakuja. Hata ukilia sitakuja, na mama yako nimekwishamwambia asijaribu. Nikikanyaga pale siku moja kabla ya kazi kwisha, nikishika randa dakika tano tu, watu wa Kabambare watasema Musafiri ndiye aliyemaliza, na meza zitakuwa zangu tena, na utarudi nyuma ya mgongo wangu na birika. Ukikosea, litakuwa kosa lako. Nakuomba ulipende hilo kosa. Mimi nilingoja miaka kumi na moja kupata kosa lenye jina langu.

Itaniuma. Nitakuwa hapa atelie naukata mguu wa kiti cha mtu, huku nafikiria kama umekumbuka kutafuta fundo katika ubao kabla ya kukata. Usinionee huruma. Hii ni kazi yangu sasa, kukaa mbali.

Ukimaliza nne zote, chonga jina lako chini, kwa herufi ambazo mzee akiinama atasoma bila miwani. Waache wale juu ya meza hizo mwezi mzima. Halafu nitumie salamu kwa dereva yeyote, nami nitapanda pikipiki na mgongo wangu huu mbovu, nitapiga hodi kwa Muzee Ramazani kama mgeni mwingine yeyote, nitanawa mikono, na nitakaa pale watakaponionyesha.

Baba yako,
Musafiri